Akikimbia mke wa mtu, mtaa unaona nini?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 44, naishi Mbagala. Nauza maandazi na chapati asubuhi, mchana nashona kidogo. Hivi karibuni nilipimwa kituo cha afya nikaambiwa presha iko juu na uzito umezidi. Daktari alisema nianze mazoezi, hata kukimbia polepole. Kwetu kuna kikundi cha joging kinachopita Jumapili alfajiri na jirani yangu yumo. Nilipomwambia mume wangu alisema wanawake wa joging wanafuata wanaume, na mke wa mtu haruki-ruki barabarani. Mama mkwe anasema kukimbia kunaharibu kizazi, na yeye bado anasubiri mjukuu mwingine. Nikajaribu kutembea haraka peke yangu, vijana wa kijiweni wakanicheka, na shoga yangu akaniuliza kama naumwa maana nimeanza kupungua. Wengine wananiambia mazoezi ni mambo ya wazungu na watu wa Masaki, sisi kazi za nyumbani zinatutosha. Ni kweli si utamaduni wetu? Nifanye nini bila kuvunja ndoa yangu?"

Dada yangu, barua yako ina maswali ya aina mbili yaliyofungwa pamoja. Moja ni la mwili: presha, uzito, kizazi. Hilo nitaligusa ninapoweza, lakini mwenye nalo ni daktari wako. La pili ndilo kazi yangu ya kila siku katika sosholojia ya michezo: kwa nini ushauri uliotoka kituo cha afya ukiwa dawa umefika nyumbani ukawa kesi? Mume, mama mkwe, vijana wa kijiweni na shoga yako wamekupa maneno tofauti, lakini wote wanazunguka kitu kimoja. Ukikiona kilivyo utajua pa kuanzia.

Hili la "si utamaduni wetu" nalianza mapema kwa sababu ndilo linalotumika kuyafunga mengine yote. Kwa umri wako, bila shaka ulikimbia mchakamchaka shuleni. Alfajiri, kabla ya namba na kabla ya usafi, mistari ya wasichana na wavulana, kiongozi anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Nyimbo za vita vya Kagera ziliimbwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa Idi Amin alipong'olewa mwaka 1979. Vizazi vya Watanzania vimekimbizwa hivyo, wasichana wakiwemo, na wazazi wao waliona ni sehemu ya shule. JKT nayo, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, tangu ilipoanzishwa mwaka 1963, imepitisha mabinti kwenye mbio na gwaride, na wakirudi nyumbani wanapokelewa kwa fahari.

Rudi nyuma zaidi. Pwani yetu ilikuwa na vikundi vya ngoma vya ushindani tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Beni za Marini na Arinoti zilipita mitaani kwa gwaride, zikiwa na sare, vyeo na matarumbeta. Wanawake walikuwa na lelemama, ngoma yao wenyewe. Mombasa, vikundi kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa sare, karamu na nyimbo za kuchambana, na hawakukosa wa kuwalaumu kwa gharama. Dar es Salaam, TANU, chama cha kupigania uhuru, kilipotafuta wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipita kwenye vikundi vya ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Wanawake wale wakaingia kwenye chama kwa makundi, maana tayari walikuwa na viongozi, michango na namna ya kuitana.

Sasa kitazame tena hicho kikundi cha joging kinachopita Jumapili kwenye Barabara ya Kilwa. Mbele yuko mtu na kipyenga. Fulana ni za rangi moja, jina la kikundi mgongoni. Dereva wa bodaboda anazuia magari makutano yanapokaribia. Wimbo unaanzishwa na mmoja, unaitikiwa na wote, na wimbo wenyewe mara nyingi unamsema mtu fulani wa kikundi jirani. Wanawake wengine wamevaa traksuti, wengine taiti na khanga imefungwa kiunoni, wengine dera na hijabu na raba za mtumba. Ukiuliza zaidi utakuta wana daftari la michango, wanazikana, wanachangiana harusi, na kikundi kikialikwa bonanza kata nyingine hakiendi mikono mitupu. Kuna mchakamchaka ndani yake, kuna ngoma ya ushindani, na kuna kikoba. Jina tu ndilo la Kiingereza. Anayekwambia ni kitu cha kuletwa hajakitazama kwa makini.

Na wazungu wenyewe hawakuzaliwa wakikubali mwanamke akimbie. Kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 wanawake waliruhusiwa mita 800. Magazeti yakatia chumvi kwamba wakimbiaji walianguka hovyo wakiwa hoi, na mbio hizo zikafutwa kwa wanawake mpaka Roma mwaka 1960. Mwaka 1967 kwenye marathoni ya Boston, ofisa mmoja alimrukia Kathrine Switzer, mwanamke aliyekuwa akikimbia, barabarani akitaka kumng'oa namba kifuani. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu. Sababu iliyotajwa miaka yote hiyo ilifanana na ya mama mkwe wako: mwili wa mwanamke hauwezi, kizazi kitadhurika.

Mjibu mama mkwe kwa heshima, maana hofu yake anaibeba kwa kukupenda na kwa kumpenda mjukuu anayemtarajia. Hakuna ushahidi kwamba kukimbia polepole kunaharibu kizazi cha mwanamke mwenye afya. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, akarudi uwanjani na kutwaa dhahabu ya mita 1500 Tokyo na tena Paris, huku akivunja rekodi za dunia. Kinachopaswa kumtia wasiwasi mama ni kingine: mimba katika miaka 44 ukiwa na presha isiyodhibitiwa ni hatari kwako na kwa mtoto. Kama wewe na mume wako mnafikiria mtoto mwingine, nendeni wote wawili kwa daktari kabla, na mwambie mama mkwe kwamba mmekwenda.

Naja kwenye kitu chenyewe. Fikiria wanawake unaowaona barabarani Mbagala tangu alfajiri. Kuna aliyebeba beseni la samaki kichwani kutoka Feri, kuna anayesukuma toroli la maji, kuna anayekimbilia daladala akiwa na mtoto mgongoni. Wanatoka jasho, wanahema, nguo zinawabana, na mtaa hauna la kusema. Wewe mwenyewe umepita pale kijiweni mara nyingi na ndoo ya unga, hawajakucheka. Walikucheka siku uliyopita mikono mitupu, unatembea haraka, huendi sokoni wala msibani.

Hapo ndipo penye fundo. Jamii yetu haina shida na mwanamke kuutumia mwili wake hadharani kwa nguvu zote, ilimradi nguvu hizo zinakwenda kwa mtu mwingine: mtoto, mume, mteja, jamaa aliyefiwa. Mwanamke anayekimbia Jumapili kwa ajili yake mwenyewe hana jibu la haraka la swali "anamkimbilia nani?", na watu hulijaza pengo hilo kwa jibu lililo karibu, yaani mwanaume. Ulipokuwa darasa la tano ukikimbia mchakamchaka jibu lilikuwepo: ulikuwa chini ya amri ya mwalimu. Mbio ni zile zile, ila aliyeziamuru sasa ni wewe.

Linganisha na wanaume wa mtaa huo huo. Wana kijiwe, wana drafti na bao, wana tawi la Simba au la Yanga, wana kibanda umiza cha kuangalia mpira wa Uingereza hadi saa sita usiku. Mume wako akitoka saa mbili usiku kwenda kuangalia mechi, hakuna anayeuliza anamfuata nani. Mapumziko ya mwanaume yana mahali pake hadharani, yana viti na yana ratiba. Mapumziko ya mwanamke yanahitaji sababu: harusi, msiba, kikoba, ibada. Vikundi vya joging vimewapa wanawake sababu mpya, na ndiyo maana vinapendwa na kusemwa vibaya kwa wakati mmoja. Sikuambii haya ili ukamfokee mume wako. Nakuambia ili usidhani tatizo ni taiti au barabara.

Swali la shoga yako, kama unaumwa, lina historia nzito zaidi, na naomba usilichukulie kama wivu. Sisi tulioishi Tanzania ya miaka ya tisini tunakumbuka kukonda kulimaanisha nini. UKIMWI ulithibitishwa Kagera mwaka 1983, na Waganda waliuita "slim", neno la Kiingereza la wembamba. Kwa miaka ishirini hivi, mpaka dawa za bure zilipoanza kusambazwa kuanzia 2004, mtu aliyepungua ghafla watu walimnong'ona. Mwili mnene ukawa cheti cha uzima, mbali na maana yake ya zamani ya kwamba mume anakutunza. Kwa hiyo mke akipungua, mtaa unasoma mambo mawili: ama anaumwa, ama nyumbani kuna njaa au ugomvi. Huenda hata mume wako anaona aibu hiyo bila kuitaja, kwamba watu watasema hakulishi. Ukimwambia wazi kwamba kupungua ni mpango wa daktari, na yeye akajua la kuwajibu watu, utakuwa umemwondolea mzigo ambao hangeutaja mwenyewe.

Kuhusu kazi za nyumbani, wanaosema zinatosha hawajakosea kabisa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kazi za nyumbani na kutembea kama shughuli za mwili, na kiwango linachopendekeza kwa mtu mzima ni walau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile inayokufanya uheme kidogo lakini bado unaweza kuongea. Mwaka 1953 ulichapishwa utafiti maarufu wa mabasi ya London: makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Kazi inaweza kuulinda mwili.

Lakini angalia kazi yako ilivyo. Saa kumi alfajiri unakanda unga, kisha unasimama mbele ya jiko la mkaa kwa saa nyingi, kisha unakaa kwenye cherehani. Mikono na mgongo vinachoka, miguu inavimba, ila moyo haupati ile nusu saa ya mwendo mmoja wa kupanda na kutulia. Kuchoka na kufanya mazoezi si kitu kimoja, na mtu anaweza kuchoka kila siku ya maisha yake huku presha inapanda. Tena kazi hiyo haina kuchagua: huwezi kupumzika ukihisi kizunguzungu, maana wateja wa maandazi wanasubiri. Watu wa Masaki wana barabara zenye njia ya miguu, wana walinzi, wana wasaidizi wa kuwakaangia chapati wao wakikimbia. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli kati yenu. Haiko kwenye damu wala kwenye utamaduni.

Sasa mume wako. Amesema wanawake wa joging wanafuata wanaume. Sitakudanganya kwamba mapenzi hayazaliwi kwenye vikundi hivyo. Yanazaliwa, kama yanavyozaliwa kwaya, vyuoni, maofisini na kwenye kikoba. Watu wakikutana kila wiki, wengine watapendana. Kinachobagua ni kwamba hasemi hivyo kuhusu wanaume wa kikundi hicho hicho, ambao wengi ni waume za watu. Hata hivyo usianze kwa kumtolea hoja hiyo. Mwanzo mzuri ni kumpeleka kwenye kituo cha afya asikie mwenyewe, na yeye apimwe pia. Mwanaume wa umri wake akikuta presha yake nayo imepanda, mazungumzo hubadilika haraka.

Karatasi ya daktari itakusaidia, ila ina kikomo chake. Ukipata ruhusa kwa sababu ya ugonjwa tu, presha ikishuka ruhusa inaweza kuondoka nayo, na presha ikishuka kwa sababu ya mazoezi ndipo unapoyahitaji yaendelee. Kwa hiyo tangu mwanzo mwambie yote mawili: daktari kasema, na mimi mwenyewe napenda. Serikali nayo imekupa neno la kutumia. Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Na Mzee Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, aliyefariki Februari 2024 akiwa na miaka 98, alijulikana nchi nzima kwa kutembea na kufanya mazoezi hadi uzeeni. Mama mkwe atamkumbuka.

Njia za kuanza ziko kadhaa na zote zina gharama. Kutembea peke yako ni bure, unachagua muda wako, lakini alfajiri gizani vibaka wapo, na kijiwe nacho utakipita peke yako. Jimu yenye darasa la erobiki la akina mama inaziba midomo mingi kwa sababu iko ndani, ila ada ya kila mwezi kwa muuza maandazi si jambo dogo. Kikundi cha joging kinakupa ulinzi na furaha, na wanaokimbia pamoja huwa hawaachi mapema. Upande wa pili kuna fulana ya kununua, michango, safari za bonanza zinazoishia kwenye nyama choma na bia, na wakati wa uchaguzi kuna wagombea wanaopenda kukitumia kikundi kama jukwaa lao. Mwendo wa kikundi pia unaweza kuwa mkali kwa mtu mwenye presha, na ni vigumu kusimama wenzako wakiimba.

Mimi ningekushauri uanze na jirani yako na mwingine mmoja kutoka kwenye kikoba chenu, mtembee haraka siku tatu au nne za wiki jioni baada ya jua kupoa, kabla giza halijaingia. Watatu hawachekwi kama mmoja, na mkiwa wa kikoba tayari mtaa una jina la kuwaita. Alfajiri usiiguse kwanza, hiyo ni ya maandazi. Panga na watoto wakubwa nani atasimamia chakula cha jioni, na lipange waziwazi mbele ya baba yao, kwa sababu mpango mwingi wa mazoezi wa akina mama haufi kwa uvivu, unakufa kwa ugali ambao hakuna aliyeusonga. Mwezi mmoja au miwili ikipita, mtaa ukizoea na mwili ukikubali, mwalike mume wako Jumapili moja aje akione kikundi. Akija akikimbia ni heri. Akija kukaa pembeni na kutazama pia ni heri, maana atawaona wazee, mashangazi na mafundi cherehani wanaohema kama yeye.

Usikimbie kwa siri. Najua kishawishi kipo, na najua wanaofanya hivyo. Siku ikijulikana, na mtaani kwetu kila kitu hujulikana, ile dhana yake itapata ushahidi, na utakuwa unajitetea kwa jambo ambalo hukulifanya.

Kabla ya kuanza kukimbia, rudi kwa daktari umuulize presha yako ifike wapi kwanza, na kama umepewa dawa usiache kwa sababu umeanza mazoezi. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, kukosa pumzi kusikotulia ukipumzika, au moyo kwenda mbio bila mpangilio, simama na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Magoti yakiuma kwa siku kadhaa, yaonyeshe.

Upande wa nyumbani, mkishindwa kuelewana muiteni mshenga wenu, au shekhe, mchungaji au mzee ambaye mume wako anamsikiliza, mzungumze uso kwa uso. Lakini nisome vizuri hapa. Kukataa joging ni jambo la kujadiliana. Kama anakukataza kwenda hospitali, anakunyang'anya pesa zako za maandazi, anakufuatilia kila unapokwenda, anakutisha au anakupiga, hayo si maongezi ya mazoezi tena. Hapo nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, na usiende peke yako. Jirani yako huyo wa joging ni mtu mzuri wa kukusindikiza.